Robert Mallet: Mtu Aliyeilipua Ardhi Ili Aisikilize

Kila askari wa mizinga hujifunza mapema kuhesabu sekunde. Huona moto ukimulika mdomoni mwa mzinga wa adui, kisha huhesabu mpaka mngurumo umfikie. Sauti hupita hewani kwa mwendo wa mita kama 340 kwa sekunde. Basi kila sekunde tatu ni kilomita moja, na umbali wa adui umejulikana. Lakini mshindo uleule haupiti hewani peke yake. Huingia ardhini pia, ukapita katika mchanga, katika udongo na katika mwamba, na aliyelala kifudifudi ndani ya handaki huusikia kifuani kabla hajaufikiria. Je, huko chini mshindo huenda kwa mwendo gani? Watu wa elimu walikuwa na makisio ya karatasini tu, na hapakuwa na aliyeupima, hata ulipofika mwaka 1849, ambapo mtu mmoja wa Dublin, mji mkuu wa Ireland, aliamua kuiuliza ardhi yenyewe kwa baruti.

Mtu huyo ni Robert Mallet. Alizaliwa mjini Dublin tarehe 3 Juni, 1810, wakati Ireland yote ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, John Mallet, alikuwa na kiwanda cha kusubu chuma, na mtoto alikulia kati ya tanuri, nyundo na moshi. Alisoma katika Chuo cha Trinity hapohapo Dublin, akahitimu mwaka 1830, kisha akarudi kiwandani kwa baba yake, si kama mtoto wa tajiri aliyekuja kukaa mezani, bali kama mhandisi. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuliinua paa la kanisa la Mtakatifu George, lenye uzito wa tani 133. Uzio wa chuma unaozunguka Chuo cha Trinity ulitoka kiwandani mwao, na vivyo hivyo mnara wa kwanza wa taa juu ya mwamba wa Fastnet, uliosimamishwa kwa vipande vya chuma ili kuonya meli zinazopita kusini ya Ireland. Mwaka 1831 alimwoa Cordelia Watson, wakazaa watoto sita.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi na kufa kama fundi mashuhuri wa mji wake. Kilichomtoa katika njia hiyo ni picha moja kitabuni. Picha ilionyesha nguzo mbili za mawe huko Calabria, kusini ya Italia, baada ya mtetemeko mkubwa wa ardhi wa mwaka 1783. Nguzo hazikuanguka, lakini mawe yake ya juu yalikuwa yamezunguka juu ya yale ya chini, kama mtu aliyegeuza shingo. Wasomi wa wakati ule walisema kwamba bila shaka ardhi ilizunguka kama kimbunga. Mallet, aliyezoea kusukuma na kuvuta vitu vizito, aliona kwamba si lazima. Jiwe likisukumwa kwa ghafla kwa mstari ulionyoka, na likiwa limeshikwa chini yake mahali pasipokuwa katikati ya uzito wake, litageuka lenyewe. Kutokana na jambo hilo dogo akaandika makala, iliyosomwa mwaka 1846 mbele ya Chuo cha Kifalme cha Ireland, akieleza kwamba mtetemeko wa ardhi ni wimbi linalopita katika mwamba kama vile sauti inavyopita hewani. Chembe za mwamba husongwa, kisha hujiachia, zikazisonga za mbele yake. Mwamba wenyewe hausafiri, unaosafiri ni msukumo.

Kwa kuwa ni wimbi, lina mwendo, na mwendo unaweza kupimwa. Hapa ndipo Mallet alipojitenga na wenzake waliotosheka na nadharia. Mitetemeko ya ardhi haiji kwa miadi. Basi yeye angetengeneza yake. Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilimpa fedha kidogo, na mnamo Oktoba 1849 akaenda Killiney, ghuba yenye mchanga mrefu kusini ya Dublin. Ikumbukwe kwamba miaka hiyo Ireland ilikuwa katika njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, na watu wapatao milioni moja walikufa. Katika nchi yenye msiba wa namna hiyo, mtu anayefukia baruti ufukoni na kuchungulia bakuli hakuweza kuonekana kuwa na akili timamu.

Vifaa vyake vilikuwa hivi. Upande mmoja wa ufuko alifukia pipa dogo la baruti ndani ya mchanga, likiwa na waya za umeme za kuiwasha. Upande wa pili, nusu maili kutoka hapo, aliweka bakuli la zebaki. Zebaki ikitulia huwa kioo kamili kuliko kioo chochote, na ikiguswa na mtikisiko mdogo huvunjika sura yake. Juu ya bakuli aliweka nyuzi mbili nyembamba zilizopishana kama msalaba, mwanga ukaangusha sura ya msalaba huo juu ya zebaki, na mtazamaji akaiangalia kwa darubini iliyokuza mara 11. Umeme uleule ulioilipua baruti uliianzisha saa maalumu ya kupima vipande vidogo vya sekunde. Mtazamaji alipoona msalaba unatikisika na kupotea, alibonyeza mkono, saa ikasimama.

Basi, mlipuko ukapigwa, na saa ikasema. Katika mchanga wa Killiney wimbi lilikwenda futi 825 kwa sekunde, yaani mita 251 hivi. Ndugu msomaji aone ajabu ya hesabu hiyo: ni polepole kuliko sauti hewani! Mallet akahamia kwenye itale ya Dalkey, jirani ya hapo, ule mwamba mgumu wenye chembe zing'aazo ambao Dublin imejengwa kwao. Katika itale iliyopasukapasuka alipata futi 1,306 kwa sekunde. Katika ile iliyoshikamana zaidi, futi 1,665, yaani mita 507. Nadharia, kwa kuchukua ugumu wa jiwe na uzito wake, ilidai maelfu mengi ya futi kwa sekunde. Tofauti haikuwa ya robo wala ya nusu; ilikuwa ya mara kadhaa.

Mtu mwingine angeficha matokeo hayo, au angeyakunjakunja mpaka yafanane na nadharia aliyoihubiri yeye mwenyewe miaka mitatu kabla. Mallet aliyachapisha kama yalivyotoka. Maelezo yake yalikuwa kwamba jiwe la nadharia ni jiwe zima, lakini mwamba wa duniani si mzima: umekatwa na nyufa, umepangwa kwa matabaka, na kila mahali wimbi linapovuka ufa au mpaka wa tabaka hupoteza nguvu na wakati. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli mkubwa ndani yake. Yalikuwa pia na kosa, ambalo tutalifikia mahali pake.

Kabla ya hapo, inafaa askari wasikie habari ya mzinga wake. Vita vya Crimea vilipoanza, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikwama mbele ya ngome ya Warusi ya Sevastopol tangu mwaka 1854. Mallet, aliyekwisha kuona kwa macho yake baruti inavyotikisa ardhi, alisema kwamba haifai kuipiga ngome kwa makombora madogo mengi. Afadhali kombora moja kubwa mno, lianguke kutoka juu, lizame ardhini kabla ya kupasuka, na mtikisiko wake ubomoe kuta kutoka chini, kama mtetemeko wa ardhi. Maofisa wakasitasita. Naye akamwandikia Waziri Mkuu Palmerston moja kwa moja, na Palmerston akaagiza mizinga miwili.

Kila mmoja ulikuwa na mdomo wa inchi 36, zaidi ya sentimita 91, na uzito wa tani 42. Kombora lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa kuwa hakuna barabara ambayo ingebeba mzigo huo, Mallet aliuunda kwa vipande na pete za chuma ambavyo vingesafirishwa mbalimbali na kufungwa pamoja mbele ya adui. Lakini kampuni iliyopewa kazi ilifilisika, miezi ikapita, na mizinga ilipokamilika mwaka 1857 Sevastopol ilikuwa imekwisha kuanguka tangu Septemba 1855 na amani imetiwa sahihi. Majaribio yalifanywa karibu na Woolwich kuanzia Oktoba 1857 mpaka Julai 1858. Makombora 19 yalirushwa, mengine yakafika zaidi ya kilomita mbili na nusu, na kila mara kitu fulani kilivunjika, pete au kabari. Serikali ikakataa kulipia matengenezo zaidi. Mizinga haikupiga risasi hata moja vitani, na kwa maoni ya mwandishi wa makala hii haikuwa hasara kwa mtu yeyote. Mmoja wao umewekwa katika ngome ya Fort Nelson karibu na Portsmouth, na wageni hupiga picha mbele yake.

Majaribio hayo yakiwa katikati, usiku wa tarehe 16 Desemba, 1857, ardhi ilitikisika kusini ya Italia katika ufalme wa Naples. Watu zaidi ya 10,000 walikufa, wengi wakiwa vitandani. Mallet aliomba msaada kwa Jumuiya ya Kifalme ya London, akapewa pauni 150, na Februari 1858 alikuwa amekwisha kufika katika milima ya Basilicata, wakati wa baridi kali, akipita juu ya nyumbu kutoka kijiji kilichobomoka mpaka kingine.

Polisi watamwelewa vizuri katika safari hii, kwa maana alifanya kazi kama mpelelezi anayefika mahali pa tukio baada ya mhalifu kutoroka. Hakuwauliza watu sana waliona nini, kwani mtu aliyekurupushwa usingizini na nyumba inamwangukia si shahidi wa kutegemewa kuhusu mashariki na magharibi. Aliziuliza kuta. Ufa katika ukuta, alijua fundi huyu, hupasuka kwa kukatiza njia ya msukumo. Basi alipima mwinamo wa nyufa, akaandika jiwe lipi lilitupwa wapi na umbali gani, taa ipi ilining'inia na kugonga ukuta upi, na picha nyingi zikapigwa. Kila jengo likatoa mstari mmoja kwenye ramani. Mistari ilikutana katika eneo moja, na kwa kuifuata kwenda chini alipata kina ambacho mshindo ulitokea, kama maili sita na nusu, zaidi ya kilomita kumi.  Ripoti yake ya mwaka 1862, vitabu viwili vinene, ndiyo iliyoipa elimu hii njia ya kufanya kazi, na jina la seismolojia tulilonalo ni lake yeye. Sisi wa nchi za Bonde la Ufa, tunaokumbuka Toro tarehe 20 Machi, 1966, tunajua kwamba jambo hili si la Wazungu peke yao.

Si kila alichosema kilikuwa sawa. Alidhani mshindo unatokana na mvuke unaolipuka chini ya ardhi, kama tanuri linavyopasuka, na jambo hilo limekataliwa tangu zamani. Lakini orodha ya mitetemeko 6,831 aliyoikusanya pamoja na mwanawe John kutoka vitabu vya lugha nyingi, kuanzia mwaka 1606 kabla ya Kristo mpaka 1842 baada yake, na ramani aliyoichora kutokana nayo, ilionyesha mitetemeko ikifuata mikanda myembamba duniani. Ilichukua karne moja nyingine kabla wasomi hawajaeleza kwa nini.

Wakati huohuo hesabu ya Dalkey haikumpa usingizi. Kati ya mwaka 1856 na 1861 alikwenda mara kwa mara Holyhead, kaskazini ya Wales, ambako mlima ulikuwa ukilipuliwa kwa tani za baruti ili kupata mawe ya kujengea ukuta wa bandari. Hapo hakuhitaji kununua baruti. Alihitaji kusubiri tu na bakuli lake la zebaki. Mwamba wa Holyhead ni wa matabaka yaliyokunjwa na kukunjuliwa kama nguo chafu. Kasi aliyoipata ilikuwa futi elfu moja na ushei kwa sekunde, na iliongezeka kidogo kadiri mlipuko ulivyokuwa mkubwa. Ili kumaliza ubishi, vipande vya miraba vya mwamba uleule vilikatwa na kusongwa kwa mashine, kwa kufuata tabaka na kwa kulikatiza. Jiwe lilionyesha ugumu usio sawa kwa pande hizo mbili, na kwa vyovyote vile ugumu wake ulidai kasi kubwa mara kadhaa kuliko ile ya mlimani. Mallet akabaki na jibu lake: ni nyufa na matabaka.

Mtu aliyekuja kulitikisa jibu hilo alikuwa askari. Henry Larcom Abbot alikuwa ofisa wa wahandisi wa jeshi la Marekani, aliyeamuru mizinga ya kuzingira miji ya Petersburg na Richmond mwaka 1864 na 1865. Hapa historia ilifanya mzaha wake. John, yule mwana wa Mallet aliyemsaidia kuandika orodha, alikuwa amehamia Marekani mwaka 1853 kufundisha kemia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alijiunga na jeshi la majimbo ya kusini, yaliyokuwa yakipigania kuendelea na utumwa. Alifanywa msimamizi wa maabara zote za zana zake za vita. Kwa hiyo baruti na makombora yaliyowaangukia watu wa Abbot yalitengenezwa chini ya uangalizi wa mtoto wa Mallet.

Tarehe 24 Septemba, 1876, wahandisi wa jeshi hilo la Marekani walilipua mwamba uliokuwa ukizamisha meli katika mlango wa bahari wa Hell Gate, New York. Ratili karibu 50,000 za viripushi ziliwashwa kwa mara moja. Abbot aliweka watazamaji wenye mabakuli ya zebaki mahali mbalimbali, lakini hakuwapa darubini za nguvu moja. Waliotumia darubini ya kukuza mara 6 walipata kasi ya futi kati ya 3,900 na 5,300 kwa sekunde. Aliyetumia darubini ya kukuza mara 12 alipata futi 8,300. Ardhi ilikuwa ileile na mlipuko uleule.

Maana yake ilikuwa nzito. Wimbi la ardhini haliji peke yake. Mbele hutangulia msukumo mwepesi na wa haraka, mdogo mno. Nyuma yake hufuata mawimbi mazito yaendayo polepole karibu na uso wa nchi. Mwenye darubini hafifu haoni mtangulizi, huona kundi la nyuma, naye huapa kwamba ndiyo kwanza wimbi limefika. Ni kama mlinzi wa usiku aliyeona kikosi kikubwa kikiingia lakini hakuwaona wapelelezi wawili waliopita mbele yake saa moja kabla. Mallet hakuridhika na hesabu za Abbot, na ubishi ukaingia majaridani. Lakini alikuwa amezeeka, na macho yake, yaleyale yaliyotazama msalaba ukipotea juu ya zebaki, yalikuwa yamekwisha kupofuka. Mwamba mwingine wa Hell Gate ulilipuliwa tarehe 10 Oktoba, 1885, kwa ratili karibu 300,000, na safari hii Abbot alipata mahali pengine futi zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo mwamba mgumu na mzima huwa nayo kweli. Itale ya Dalkey ilipimwa pungufu karibu mara kumi.

Je, maelezo ya nyufa na matabaka yalikuwa bure? La. Mafundi wanaochimba visima virefu vya mafuta na gesi wanaishi kwa maelezo hayo. Tangu miaka ya 1950, tundu likisha tobolewa, huteremshwa ndani yake chombo chembamba kama mtutu. Chombo hutoa mlio. Mlio hupita katika tope lililojaa tunduni, huingia katika ukuta wa mwamba, hukimbia kandokando ya ukuta huo, kisha hurudi kwenye masikio mawili au zaidi yaliyowekwa juu zaidi katika chombo hichohicho. Tofauti ya muda kati ya sikio moja na jingine ndiyo kasi ya tabaka lililo mbele yake. Chokaa ngumu hupitisha upesi, udongo wa mfinyanzi hupitisha polepole, na mwamba wenye vinyweleo vilivyojaa maji, mafuta au gesi huchelewesha zaidi kuliko mwamba uleule ulioshikamana. Nyufa hupunguza nguvu ya mlio, kama Mallet alivyosema.

Na kwa kuwa tundu lenyewe hupiga mwangwi, na tope lake hubeba wimbi lake la pekee, wahesabuji huanza na ardhi ya kufikirika: matabaka yaliyopangwa kama mikeka, kila moja limepewa unene, uzito na kasi yake, na tundu limepita katikati. Hukokotoa mlio ungefikaje kwenye kila sikio, wakalinganisha na mlio uliorekodiwa, na pale visipopatana hurekebisha matabaka mpaka vipatane. Kosa wanaloliogopa kuliko yote ni lile la Killiney, yaani kukosa kuuona msukumo wa kwanza na kuuhesabu wa pili.

Maisha ya Mallet katika miaka ya mwisho hayakuwa mepesi. Kazi za reli za Ireland zilipopungua, kiwanda cha Dublin kilidhoofika na kufungwa. Cordelia alikuwa amefariki mwaka 1854. Mwaka 1861 akahamia London, akaoa mara ya pili, akaishi kwa ushauri wa uhandisi na kwa kalamu. Mwaka 1877 Jumuiya ya Jiolojia ya London ilimpa Nishani ya Wollaston, iliyo kubwa kuliko zote inazotoa. Alifariki London, tarehe 5 Novemba, 1881, miaka minne kabla ya mlipuko wa pili wa Hell Gate, akazikwa katika makaburi ya West Norwood. John, mwanawe, alibaki Marekani akifundisha kemia, naye akafa Virginia mwaka 1912.